Siku Tata Alipoupa Uwanja Mgongo

Mimi ni mtu niliyejitengeneza mwenyewe, na jambo hilo silisemi kwa kunong'ona. Niliondoka Nyamira na begi moja na pasipoti mpya. Huko Uarabuni nilianza kwa kusafisha bwawa la kuogelea la hoteli, nikapanda hadi kusimamia viwanja vyake vitano vya tenisi, na jioni nikasoma mpaka nikapata diploma ya usimamizi wa hoteli. Diploma hiyo imetundikwa mapokezi katika nyumba yangu ya wageni hapa Nyanchwa, mjini Kisii: vyumba kumi na vinane, maji moto saa zote. Hakuna aliyenishika mkono. Kila jiwe la ukuta ule nalijua lilikotoka.

Naanza na hayo ili msomaji ajue kwamba aliyekosea siku ile hakuwa mtu wa kudharauliwa. Alikuwa mtu aliyesoma na kutembea, ila kwa miaka kumi na mmoja hakuwa nyumbani kujifunza mambo ambayo hakuna darasa linaloyafundisha.

Mke wangu ni mchezaji wa tenisi wa kulipwa. Ni mzaliwa wa Kisumu, binti wa watu wa ziwani, na tulikutana katika viwanja vile vitano, ambako asubuhi alifundisha wageni na jioni alifanya mazoezi yake peke yake, akipiga mpira ukutani mpaka taa ziwake. Tulifunga ndoa Kisumu, katika ofisi ya serikali, mbele ya mashahidi wachache. Baba yangu, ambaye sisi nyumbani tunamwita Tata, hakuja. Alituma ujumbe kwamba ng'ombe alikuwa karibu kuzaa. Ng'ombe yule alizaa wiki tatu baadaye.

Miaka miwili ikapita. Kila nilipompeleka mke wangu nyumbani Itumbe, Tata alitusalimu kutoka mbali, akachukua panga, akaingia migombani. Mke wangu alibaki garini, naye mzee alikaa humo migombani mpaka aliposikia gari likiwashwa. Hakumwita mke wangu jina lolote. Hakumwita mkamwana, wala hakuniambia hata mara moja "mke wako". Akinipigia simu alisema, "U mzima? Na huko kwako?" Hilo "huko kwako" ndilo lililokuwa mke wangu.

Mama ndiye angetuunganisha, lakini Mama alifariki nikiwa bado ng'ambo. Basi nikatoa hukumu mwenyewe: mzee hamtaki kwa sababu si wa kwetu. Mke wangu hakuwahi kulalamika. Ila usiku mmoja, tukizima taa, aliniuliza, "Nikifa leo, mzee atawaambia watu kwamba aliyekufa ni nani?"

Ndipo mashindano yakaja Kisii. Yalikuwa mashindano ya kulipwa, ya ngazi ya chini lakini ya kweli, yenye wachezaji kutoka nchi saba, na waamuzi wanne walilala kwangu. Mke wangu alikuwa kwenye orodha. Nilipoona kwamba atacheza Jumatano, nikapanga mpango wangu. Nitamleta Tata amwone. Atamwona akipigiwa makofi na watu wa mji mzima, na moyo utamlainika. Sikumwambia kwamba mke wangu atacheza. Nilimwambia tu kuna mchezo wa wageni, na kiti chake nimekwisha kukilipia.

Nilimkuta saa moja asubuhi amesimama barabarani, amevaa koti lake la Sabato na kofia ya kitambaa. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya majani chai. Akaingia mbele, akaweka mikono juu ya magoti, akatazama dashibodi ya gari langu kama mtu anayekagua mashine.

"Hii inalia mahali," akasema tulipofika Keumbu.

"Gari ni jipya, Tata."

"Sikusema ni kuukuu. Nimesema inalia. Gurudumu la nyuma, upande wangu."

Ni lazima nieleze hapo. Tata alifanya kazi kiwanda cha chai kwa zaidi ya miaka thelathini, upande wa mashine za kusokota majani. Kazi yake ilikuwa kupaka grisi na kusikiliza. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye mwili wa mashine na mpini wake sikioni, akafunga macho, kisha akamwambia fundi beringi ipi itakufa wiki hiyo. Mafundi wenye vyeti walimsubiri amalize kusikiliza ndipo wafungue nati. Yeye mwenyewe hakuwa na cheti chochote.

Uwanja ni wa udongo mwekundu, uliopigwa roli ukawa laini kama sakafu iliyokandikwa, na mistari yake myeupe ilikuwa imechorwa upya alfajiri ile. Walipanga viti vya plastiki upande mmoja, chini ya turubai. Nilikuwa nimechukua viwili vya mstari wa mbele. Nyuma yetu walikaa wanaume wawili wa boda boda ambao, kwa jinsi walivyoongea, walikuwa wameona tenisi kwenye televisheni ya kinyozi tu.

"Mbona kimya hivi? Kwani kuna maiti?"

"Nyamaza, yule aliye juu ya ngazi anakuangalia."

"Amesema kumi na tano. Sasa thelathini. Sasa arobaini. Wewe, baada ya thelathini si ingekuwa arobaini na tano?"

"Labda walichoka kuhesabu."

"Wazungu hawachoki kuhesabu!"

Hata Tata alicheka. Mechi ya kwanza ilikuwa ya wasichana wawili wa kigeni, mmoja mrefu mwenye nywele zilizofungwa mkia, mwingine mfupi mwenye mapaja ya nguvu. Walivaa sketi fupi kama wachezaji wote wa kike wanavyovaa. Tata aliwatazama bila wasiwasi wowote. Alisogea mbele ya kiti, akaniuliza kwa nini wanabadilishana pande, kwa nini mpira uliogusa mstari unahesabiwa umeingia. Nilimweleza yote. Niliujua mchezo ule kuliko mtu yeyote chini ya turubai lile, na nilifurahi, nakiri, kuwa mwalimu wa baba yangu kwa saa moja na nusu.

"Yule mfupi atashinda," akasema mapema kabisa.

"Lakini ameachwa nyuma, Tata."

"Mpira wake una sauti moja. Wa mwenzake una sauti tatu."

Yule mfupi akashinda. Mmoja wa wale wa boda boda akamgusa bega. "Mzee, tuambie na ligi ya mpira Jumamosi nani atashinda, tuweke kitu!"

"Jumamosi mimi niko kanisani," Tata akajibu, na watu wakacheka.

Nilijiambia siku imekaa sawa. Kisha kipaza sauti kikatangaza mechi ya pili. Kilitaja kwanza mpinzani, halafu mke wangu, na jina lake la mwisho ni jina letu la ukoo, ambalo lilikuwa jina la babu yangu. Tata aliposikia jina la baba yake mzazi likitoka kwenye kipaza sauti, alivua kofia. Nadhani hakujua kwamba ameivua. Akatazama langoni. Mke wangu akaingia na begi la raketi begani, amevaa sketi nyeupe inayoishia katikati ya paja, miguu na mikono wazi, akaanza kurukaruka kupasha misuli moto hatua kumi kutoka tulipokaa.

Tata aliinuka. Nikadhani anataka kumpigia makofi. Akashika kiti chake kwa mikono miwili, akakigeuza kikatazama ukuta wa michongoma ulio nyuma yetu, akaketi. Aliupa uwanja mgongo.

"Tata, huku," nikasema kwa sauti ya chini.

"Nimekaa vizuri."

"Ni yeye. Ni... nilitaka umwone akicheza."

"Nimesikia ni nani."

Sasa alikuwa ametazamana ana kwa ana na wale wa boda boda, na hao hawakuachia nafasi hiyo ipite.

"Mzee, mchezo uko upande ule!"

"Mwache, labda amelipia kutuangalia sisi."

"Basi mzee, mimi niko sawa? Nigeuke kidogo upate na upande?"

Mstari mzima ukaangua kicheko. Mwamuzi akaomba utulivu. Nilihisi uso wangu ukiwaka. Mtu mzima, mwenye biashara, mwenye wafanyakazi saba, na baba yangu ananiaibisha mbele ya wateja wangu. Lakini kilichoniuma zaidi ni kwamba mke wangu alikuwa ameona. Alikuwa amesimama kwenye mstari wake, mpira mkononi, akitazama mgongo wa koti la Sabato. Alitazama kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika, kisha akarusha mpira juu.

Alishinda seti ya kwanza, sita kwa nne. Siwezi kuwasimulia alivyoishinda kwa sababu sikuitazama vizuri. Nilikuwa nikitazama shingo ya baba yangu. Kila mpira ulipopigwa, kichwa chake kilitikisika kidogo, lakini hakikugeuka. Macho aliyafumba. Mara moja mpira ulivuka uzio wetu ukaangukia karibu na kiatu chake. Akauokota, akaurusha nyuma juu ya bega bila kuangalia, na watu wakacheka tena.

Seti ya pili ilikwenda vibaya. Mpinzani alikuwa binti mdogo wa miaka, mwenye mbio, na alikuwa amegundua kwamba mke wangu hakuwa na raha upande wa kushoto. Akampelekea mipira yote huko. Sita kwa mbili. Na kabla seti ya tatu haijaanza, mvua ya Kisii ikafanya kama inavyofanya karibu kila siku mchana: ikaja kutoka upande wa Nyanchwa ikiwa nyeupe, na watu wakakimbia na viti vichwani. Wafanyakazi wakatandaza maturubai juu ya udongo. Wachezaji wakapelekwa kibandani.

Mimi na Tata tulibaki chini ya turubai letu, magoti yakilowa. Nilikuwa nimeamua kumwambia. Nilikuwa nimepanga maneno, makali na ya heshima. Yeye akanitangulia.

"Mwambie mke wako," akasema, akiwa bado anatazama michongoma, "mpira wa kushoto anauchelewesha. Unalia kama beringi iliyokauka. Wa kulia hauna shida."

Mvua ilikuwa ikipiga turubai kwa kelele, na nilidhani nimesikia vibaya.

"Umesema nimwambie nani?"

"Mke wako. Au kuna mwingine humu anayeitwa kwa jina la baba yangu?"

Nilikimbia kwenye mvua mpaka kibandani. Kwa kuwa waamuzi walikuwa wageni wangu, hakuna aliyenizuia. Mke wangu alikuwa ameketi kwenye benchi, taulo shingoni, barafu kwenye goti. Nikaanza kuomba msamaha kabla sijafika. Nilimwambia mzee ni wa zamani, sikujua atafanya vile, nitazungumza naye, nitamrudisha nyumbani sasa hivi akitaka.

"Ile mechi ya kwanza aliiangalia?" akaniuliza.

"Yote."

"Akiwa ametazama uwanja?"

"Ndiyo. Alifurahi hata."

Akainamisha kichwa. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alipoinua uso alikuwa anatabasamu pia, na mimi nikawa mtu asiyejua chochote.

"Wewe ulikaa nje sana," akasema. "Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake ovyo. Hamshiki mkono, hali naye meza moja. Mama yangu hajawahi kukuangalia usoni, umewahi kugundua? Ulifikiri hakupendi?"

Nilikuwa nimefikiri hivyo, ndiyo.

"Wale wasichana aliwaangalia kwa sababu si kitu kwake. Mimi amenigeuzia mgongo. Mtu hamgeuzii mgongo mtu baki." Akafuta uso kwa ncha ya taulo. "Na ile migomba. Miaka miwili nimekuwa nikiiogopa ile migomba bure."

Hapo nikakumbuka neno la kwetu, ensoni. Ni haya ya heshima kati ya mzee na mke wa mwanawe, na nilipokuwa mdogo nililisikia kama mtoto anavyosikia mazungumzo ya watu wazima, bila kuyahesabu kuwa yake. Mama angenikalisha chini siku ya harusi na kunieleza lote: msimkaribie hivi, msimpe mkono, mke wako asipite mbele yake hivi. Mama hakuwepo. Na Tata, kwa heshima ile ile, hangeweza kunieleza mwenyewe. Mambo hayo baba hamwambii mwanawe. Alichoweza kufanya ni kuchukua panga na kwenda migombani, na kungoja nielewe. Nami nilikuwa nimempeleka mbele ya halaiki, mstari wa mbele, kumtazama mkamwana wake akiwa mapaja wazi, na nikaona fahari.

Nimepata diploma. Nimeagiza wapishi na mameneja. Sijawahi kujiona mdogo kama nilivyojiona kwenye benchi lile.

"Amesema unachelewesha mpira wa kushoto," nikamwambia. "Amesema unalia kama beringi iliyokauka."

"Ni goti," akasema. "Nasita kulikanyagia." Kisha akaongeza, "Amesikia hilo kwa mgongo?"

Mvua ilikatika baada ya saa moja. Walifyonza maji kwa sponji na kuupiga uwanja roli, na mechi ikaendelea chini ya jua jepesi la jioni. Niligeuza kiti changu nusu, bega langu likagusana na la Tata, mimi nikitazama huku na yeye kule. Wale wa boda boda walikuwa wamerudi. Mmoja akafungua mdomo, nikamwangalia, akaufunga.

Mke wangu alianza kuukanyagia mguu ule. Niliona maumivu yakimpita usoni kila mara, na niliona mipira ya kushoto ikianza kuruka chini na kwa kasi. Tata alinong'ona, "Hapo." Mpira mwingine. "Hapo." Walikwenda sambamba, tano kwa tano. Watu walikuwa wametulia sasa, hata wale waliokuja kwa ajili ya kivuli na soda, na kimya kile kilinifanya nisikie nilichokuwa sijawahi kusikia kwa miaka yote niliyosimamia viwanja: sauti ya viatu vikiteleza kwenye udongo, pumzi, nyuzi za raketi, na tofauti ya mpira mmoja na mwingine.

Kisha goti likakataa. Nilimwona akifika mpira kwa kuchelewa, mara mbili, mara tatu.

"Amekwisha," Tata akasema polepole, wakati mwamuzi alikuwa bado hajatangaza lolote. Haikuwa sauti ya lawama. Alivaa kofia yake. Mipira minne baadaye, saba kwa tano, mke wangu alikwenda kwenye neti kumpa mkono yule binti, na watu wa Kisii wakasimama wakampigia makofi aliyeshindwa kwa muda mrefu kuliko aliyeshinda. Tata naye alisimama. Alipiga makofi akiitazama michongoma.

Tulimngoja nje ya lango, karibu na gari. Alitoka akichechemea, ameoga, amevaa rinda refu na kujifunga leso juu yake, na nyingine ameitupia mabegani. Sikuwa nimemwambia avae hivyo. Alisimama hatua sita au saba kutoka kwetu, akatazama chini, na hakunyosha mkono. Tata aligeuka upande, akatazama barabara ya kuelekea Keumbu.

Nilisimama katikati yao kama mkalimani asiyejua lugha yoyote kati ya hizo mbili.

"Mpe pole," Tata akaniambia. "Mwambia alipigana."

Alisema hivyo kwa Kiswahili. Mimi na Tata hatujawahi kuongea Kiswahili tukiwa wawili; lugha yetu ni Kigusii tangu nizaliwe, na Kiswahili chake ni kile cha kiwandani. Nikaelewa kwamba maneno yalikuwa yananipitia tu, hayakuwa yangu.

"Asante, Tata," mke wangu akasema kutoka alipokuwa.

Nikafungua mlango wa mbele wa gari, nikamwambia mzee aingie, tumpeleke kwanza nyumbani. Akatikisa kichwa. Hawezi kukaa kwenye gari moja na yeye, magoti na mgongo wa kiti vikigusana. Alikuwa amekwisha kumpungia mkono mwendesha boda boda, na aliyekuja alikuwa mmoja wa wale wawili, mwenye adabu kabisa sasa, akimfutia mzee kiti kwa mkono wa shati. Nilitaka kupinga. Gari langu lipo, limeoshwa, na baba yangu anaondoka kwa pikipiki barabarani mbele ya watu. Nikaacha. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kukubali kitu kipite bila kukipanga mimi.

Akapanda. Kisha, bila kugeuka, akasema, "Jiko ya mama yako imefungwa tangu mazishi. Kufuli nimetoa leo asubuhi, sijui kwa nini. Mwambia bibi yako, siku akikuja, asikae kwa gari tena kama mgeni. Aingie jiko."

Nilikuwa nimeona moshi wa stovu dirishani kwake miaka yote hiyo, nikafikiri mzee anapenda tu kupika chumbani. Sikuwahi kujiuliza ni nani alipaswa kuufungua mlango ule wa jiko, wala alikuwa anangojwa nani.

Mke wangu alikaza leso mabegani. Alikuwa bado anatazama chini.

"Kuni zipo?" akauliza.

Yule wa boda boda alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki. Tata akamgusa bega azime.

"Kuni iko," akasema kwa sauti iliyofika hadi kwake. "Lakini imekaa sana. Aanze na ile ya juu."